Likizo Ndefu Ndani ya Maabara: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Uhandisi na Kompyuta

Ifikapo Mei, korido za vyuo vya uhandisi nchini Tanzania huwa na gumzo moja: fildi. Barua za utambulisho zinatolewa kopi steshenari, simu zinapigwa kwa mjomba anayemjua mtu ofisini, na wengi huishia kitengo cha TEHAMA cha taasisi fulani, wakibadilisha wino wa printa na kusubiri kitabu cha kumbukumbu kisainiwe. Kwa wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mafunzo hayo kwa vitendo huchukua wiki 8.

Wiki 8 ndicho pia kipimo cha chini cha programu ya wanafunzi wa majira ya joto ya CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako Tim Berners-Lee alibuni Wavuti mwaka 1989. Huko mwanafunzi ambaye bado hajapata hata digrii hukabidhiwa kipande cha kazi halisi, iwe ni programu ya kuchambua data za migongano ya chembe au kifaa cha kielektroniki cha kusoma vihisi. Analipwa posho. Mlango wenyewe hauna kufuli kwa Mtanzania, Mkenya wala Mkongo. Ila hufungwa mwishoni mwa Januari, wakati ambapo darasani hakuna hata mmoja anayewaza fildi.

Kwa nini ujisumbue

Utafiti wa likizo una umbo linalofanana karibu kila mahali. Kundi la watafiti linampokea mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa wiki 8 hadi 12, mara nyingi kati ya Juni na Agosti, miezi ambayo kaskazini ni kiangazi na pwani ya Afrika Mashariki ni kipupwe. Anapewa msimamizi, ambaye aghalabu ni mwanafunzi wa PhD. Anapewa swali dogo lisilo na jibu kwenye kitabu chochote. Mwisho anaandika ripoti au anasimama mbele ya bango la kazi yake na kuulizwa maswali.

Faida ya kwanza ni barua. Anayeomba shahada ya uzamili au uzamivu nje hupimwa sana kwa maneno ya mtafiti aliyefanya naye kazi, na mhadhiri aliyemwona darasani katikati ya wanafunzi 200 hana mengi ya kusema. Faida ya pili haitajwi sana: wapo wanaogundua kwamba utafiti hawauwezi, au wanauweza na hawautaki. Heri kulijua hilo ndani ya wiki 10 kuliko katika mwaka wa tatu wa PhD.

Anza na pasipoti, kisha ndoto

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Ukitafuta kwenye intaneti utakutana kwanza na REU, mpango ambao Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, umekuwa ukiufadhili tangu 1987. Ni mpango mkubwa na mzuri, lakini nafasi zinazolipwa na NSF ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Msomaji aliye Minnesota au Texas mwenye *green card*, hata kama alizaliwa Bukavu na kukulia kambi ya Nyarugusu, anaruhusiwa kuomba na aombe bila woga. Aliye Mbeya apite.

Mpango wa RISE Germany wa shirika la DAAD nao ni wa wanaosoma vyuo vya Amerika Kaskazini, Uingereza na Ayalandi. Globalink ya shirika la Mitacs nchini Kanada huenda kwa orodha ya nchi shirika, na nchi za Afrika Mashariki hazijawa miongoni mwao. Kujua haya mapema kunakuokolea jioni nyingi za kujaza fomu.

> KISANDUKU: Milango inayofunguka
>
> CERN, Geneva. Wiki 8 hadi 13. Fizikia, kompyuta na uhandisi. Uwe umemaliza angalau miaka 3 ya chuo. Nchi zisizo wanachama zina nafasi, ingawa chache. Hufungwa mwishoni mwa Januari.
>
> EPFL, Lausanne. Mpango wa Summer@EPFL wa kitivo cha kompyuta na mawasiliano. Hufungwa mapema, kwa kawaida kabla ya mwaka kuisha.
>
> ETH Zürich. Idara ya kompyuta, takriban miezi 2 kuanzia Julai.
>
> ISTA, Klosterneuburg, karibu na Vienna. Wiki 8 hadi 12. Sayansi na kompyuta, uraia wowote.
>
> OIST, Okinawa, Japani. Muda wa kukaa hupangwa na maabara na huweza kufika miezi 6. Wanagharimia nauli, malazi na posho ya siku. Maombi hupokewa mara 2 kwa mwaka.
>
> KAUST, Thuwal, Saudi Arabia. Miezi 3 hadi 6 wakati wowote wa mwaka. Posho ya dola 1,000 kwa mwezi, malazi, nauli na matibabu. Mwaka wa 3 kwenda juu.
>
> Google Summer of Code. Tangu 2005. Unaandika programu huria ukiwa nyumbani, chini ya mlezi. Utafiti wenyewe si lazima uwemo, lakini makundi ya kisayansi, yakiwamo ya CERN, hushiriki.

Masharti na tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka. Kila mstari hapo juu uhakikishe kwenye ukurasa wa taasisi yenyewe, wala usitegemee tangazo lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa likiwa na tarehe za mwaka juzi.

Almanaka inayogongana

Vyuo vingi vya Tanzania humaliza mitihani ya muhula wa pili Julai. Programu nyingi za Ulaya huanza Juni. Kenya ina nafuu kidogo, kwa kuwa vyuo vyake kadhaa huwa na likizo ndefu kuanzia Mei hadi Agosti, wakati wa atachimenti, yaani fildi yao. Mtanzania anayekubaliwa kuanza Juni ana mtihani wa chuo unaomsubiri, na kuomba mtihani maalumu kwa sababu ya safari ni kucheza kamari na mwaka mzima.

Fanya hivi:

1. Chukua almanaka ya chuo chako na uweke alama kwenye tarehe ya mtihani wa mwisho.
2. Chagua kwanza programu zinazoanza Julai au zisizo na tarehe maalumu. ETH, OIST na KAUST zina unafuu huo.
3. Kwa nyingine, andika kwenye maombi siku ya kwanza unayoweza kufika. Makundi mengi husogeza tarehe kwa mtu wanayemtaka. Kinachokera ni mtu kukubali kwanza kisha akaomba kusogezewa Mei.
4. Ukikubaliwa, omba idara yako kwa maandishi itambue utafiti huo kama fildi yako. Iombe kabla ya kuondoka. Kama una mkopo, uliza pia ofisi ya mikopo ya chuo bumu la fildi litakuwaje.

Kuna tarehe, halafu kuna saa. Tangazo la Uswisi likisema maombi yanafungwa saa 23:59 ya Ulaya ya Kati wakati wa baridi, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala itakuwa saa saba na dakika 59 usiku. Likisema AoE, yaani mahali popote duniani, una hadi saa nane na dakika 59 mchana wa kesho yake. Usiitumie nafasi hiyo. Umeme hukatika.

Kazi ndogo ya kuonyesha

Kamati inayosoma mamia ya maombi huona GPA nzuri nyingi mno. Inachokikosa ni ushahidi kwamba mwombaji aliwahi kushika tatizo, akalihangaikia na akaeleza alichokipata. Kwa hiyo kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya msimu wa maombi, tengeneza kazi moja. Moja inatosha, ilimradi imekamilika.

Afrika Mashariki ina malighafi ambayo mwanafunzi wa Zürich hana. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mradi wa AirQo mwaka 2015, kikaunda vihisi vya bei nafuu vya kupima hewa chafu na kuvifunga juu ya majengo na kwenye bodaboda za Kampala. Kituo cha sayansi ya data na akili mnemba cha Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kimetoa bure seti ya picha za wanyamapori zilizopigwa na kamera za kujiendesha kwenye hifadhi ya chuo hicho, inaitwa DSAIL-Porini. Mradi wa Common Voice wa Mozilla una sauti za Kiswahili ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua. Mtandao wa Masakhane, unaoshughulikia teknolojia ya lugha za Kiafrika, hupokea wachangiaji wasio na digrii.

Chukua seti mojawapo, jiulize swali dogo, ulijibu kwa kurasa 4, kisha uweke msimbo hadharani ukiwa na maelezo ya namna ya kuuendesha. Wa umeme au mitambo afanye vivyo hivyo kwa kifaa: mchoro wa saketi, jedwali la vipimo, picha 2, na aya moja ya wazi kuhusu kilichoshindikana. Aya hiyo ya mwisho ndiyo wachambuzi wazoefu huisoma kwa makini, maana ni ngumu kuibuni.

Barua mbili

Maandishi ya maombi huwa kwa Kiingereza, lakini ubovu wake huonekana katika lugha yoyote. Huu ni mfano wa barua ambayo maprofesa hupokea kila wiki:

> "Profesa Mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na nimekuwa na shauku kubwa ya akili mnemba tangu utotoni. Naomba nafasi yoyote katika maabara yako tukufu."

Na huu ni mfano wa pili:

> "Nimejaribu mfumo wenu wa kutambua usemi kwenye dakika 40 za mazungumzo niliyorekodi kijiweni kwa ridhaa ya wahusika. Makosa yalizidi pale msemaji anapotaja bei kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Jedwali na msimbo viko kwenye kiungo hiki. Je, kundi lenu linalishughulikia suala hili? Niko mwaka wa 3 na nitakuwa huru kuanzia Julai 20."

Barua ya pili haina sifa hata moja ya mwandishi wake. Haihitaji. Ina urefu unaosomeka kwenye simu bila kuteremsha skrini, inaonyesha kwamba mwandishi aliisoma kazi ya anayemwandikia, na inamalizika kwa swali linalojibika. Ukiona profesa amekaa kimya, mkumbushe mara moja baada ya wiki 2. Kimya cha pili ni jibu.

Mwalimu atakayekuandikia

Programu nyingi hutaka barua 1 au 2 za mapendekezo, na maombi mengi mazuri hufia hapa. Usimfuate mkuu wa idara kwa ajili ya cheo chake. Mfuate aliyesimamia mradi wako, hata kama ni mhadhiri msaidizi.

Mwendee wiki 5 au 6 kabla ya tarehe ya mwisho, ana kwa ana ikiwezekana. Ujumbe wa kuomba miadi unaweza kuwa mfupi: "Shikamoo Dokta. Ni mwanafunzi wako wa mwaka wa 3 uliyenisimamia mradi wa kipima maji. Naomba dakika 10 ofisini kwako wiki hii, kuhusu maombi ya utafiti wa likizo." Ukifika, mpe karatasi zenye jina la programu, tarehe ya mwisho, matokeo yako, ripoti ya mradi, na mistari michache ya mambo anayoweza kuyataja kwa ukweli. Akisema "andika mwenyewe nitasaini", mshukuru, kisha mwombe kwa adabu aandike walau aya moja kwa maneno yake. Kamati huzitambua barua zilizoandikwa na mwombaji.

Halafu kuna jambo la kiufundi. Mifumo mingi humtumia mpendekezaji kiungo moja kwa moja, na baadhi hudai anwani ya chuo badala ya Gmail. Muulize ni anwani ipi anaifungua kila siku. Kiungo kikishatumwa, mwombe atazame na kwenye barua taka.

GPA ya 5 si GPA ya 4

Vyuo vya Tanzania hupima kwa 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4. KAUST hutaja kiwango cha 3.5, lakini kwa kipimo cha 4. Anayeandika "GPA 3.6" bila maelezo anaweza kudhaniwa amefikia, kisha karatasi zikamwumbua. Mkenya ana tatizo la kinyume: alama 70 kwa mia kwake ni daraja la kwanza, ila kwa msomaji wa Marekani zinaonekana kama za mwanafunzi wa kawaida sana.

Dawa ni moja: andika kama ilivyo, na kipimo chake, na daraja lake. "4.1 kati ya 5.0, daraja la pili la juu." Usizidishe wala kugawanya mwenyewe, maana 4.1 ikigeuzwa kwa hesabu ya haraka huwa 3.28, namba isiyomtendea haki mtu. Ambatisha maelezo ya madaraja ambayo chuo huyachapisha kwenye transkripti. Na transkripti ya muda yenye mhuri iombwe mapema, kwa kuwa ofisi ya usajili haina haraka ya Januari.

Ukikubaliwa: fedha na viza

Posho ya Uswisi ikigeuzwa kuwa shilingi inamfanya mtu aone nyota. Asizione. Chumba Geneva au Zürich hula sehemu kubwa ya fedha hiyo, na uhaba wa vyumba ni mkubwa. Uliza maswali matatu kabla ya kusaini: nani analipa nauli, inalipwa kabla au inarudishwa baada ya kufika, na malazi yanatafutwa na nani. Nauli ya kurudishwa baadaye ina maana kwamba familia itachangishana kwanza.

Orodha ya kuangalia:

- [ ] Pasipoti iwe mkononi kabla ya Januari. Kwa Mtanzania, huanza na namba ya NIDA.
- [ ] Viza ya Schengen huruhusu siku 90 ndani ya siku 180, na Uswisi imo. Wiki 13 ni siku 91, hivyo hesabu vizuri kabla ya kukubali tarehe. Ukizidisha unahitaji viza ya taifa husika.
- [ ] Ombi la Schengen linaweza kuwasilishwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini kupata miadi ndiko kunakochelewesha.
- [ ] Bima ya safari isiyopungua euro 30,000.
- [ ] Kwa Marekani, usiombe viza ya J-1 kabla taasisi haijakutumia fomu ya DS-2019.
- [ ] Cheti cha homa ya manjano, na kopi za kila kitu kwa mzazi au mlezi.

Makosa yanayojirudia

Kuchanganya utafiti na "shule ya kiangazi" ndilo kubwa. Shule nyingi za namna hiyo huuza masomo ya wiki 2 au 3 kwa ada nono, na barua yao ya "hongera, umechaguliwa" hupendeza kweli. Hakuna ubaya kusoma, ila hapo mwanafunzi ni mteja. Kipimo chepesi: katika utafiti wa likizo fedha hutoka kwa taasisi kuja kwako. Anayedai ada ya kushughulikia maombi, ya kuharakisha viza au ya "kuhifadhi nafasi" kwa M-Pesa ni tapeli, hata awe na nembo gani.

Kosa jingine ni kutuma barua ileile kwa taasisi 30. Tano zilizoandikwa kwa uangalifu zinatosha kwa msimu mmoja.

La tatu limeongezeka siku hizi: barua iliyoandikwa yote na programu ya akili mnemba. Itumie kusahihisha sarufi ukipenda. Ikikuandikia sababu za kuutaka utafiti, itakupa sababu zilezile ilizompa jirani yako.

Bila kuvuka mpaka

Wengi hawatapata, na nafasi iliyo karibu kuliko zote ni ile fildi ya lazima. Badala ya kuipeleka ofisini, ipeleke maabara. Tazama ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, Makerere, au Dedan Kimathi. Mwandikie mtafiti kwa mtindo wa ile barua ya pili, umwambie kwamba chuo chako kinakudai mafunzo kwa vitendo na kwamba humwombi mshahara. Watafiti wenye mradi na wasio na mikono ya kutosha ni wengi kuliko wanafunzi wanaowabishia hodi. Hakikisha tu kwamba mratibu wa fildi wa idara ameidhinisha mahali hapo, la sivyo alama zitakuwa mashakani.

Fuatilia pia mikutano. Shule za Data Science Africa zilifanyika Nyeri mwaka 2015, Kampala 2016 na Arusha 2017. Deep Learning Indaba, mkutano wa akili mnemba wa Afrika ulioanza Johannesburg mwaka 2017, ulikuwa Nairobi 2019 na Kigali 2025. Huko ndiko mtu hukutana uso kwa uso na watafiti wenye nafasi za kumpa.

Anayekosa msimu wa Januari asikunje karatasi zake. Dirisha la pili la OIST huwa Oktoba, wakati ambapo fildi imekwisha, ripoti imepigwa mhuri, na aliyekusimamia bado anakukumbuka kwa jina. Mwombe barua wiki hiyohiyo.